Nikifa kabla sijatubu dhambi ya jana, nimekwisha?

"Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Niliokoka miaka sita iliyopita na nikabatizwa kwa maji mengi. Shida yangu kuna dhambi moja inanirudia, sitaki kuitaja hapa, nakaa vizuri miezi miwili mitatu halafu naanguka tena. Kila nikianguka naona sijaokoka tena, kwa hiyo naenda mbele kuongozwa sala ya toba upya, nimeshahesabu mara kumi na moja. Mhubiri mmoja anafundisha ukifa na dhambi hata moja hujaitubia unaenda motoni moja kwa moja. Mwingine anasema ukiokoka mara moja umeokoka milele hata ufanye nini. Waebrania 10:26 ndiyo inanimaliza kabisa. Usiku nakaa na daftari nakumbuka dhambi za siku nzima nisije nikasahau moja nikafa nayo. Je, wokovu wangu unategemea toba yangu na utii wangu? Na je, nibatizwe tena?"

Amina mpendwa, asifiwe sana. Swali lako nimelisoma mara tatu na kilichonishika sio Waebrania, ni hilo daftari. Nitalirudia baadaye.

Kwanza niseme nilivyokuelewa. Huulizi kama Mungu anasamehe, hilo unaliamini, la sivyo usingekwenda mbele mara kumi na moja. Unachouliza ni kama msamaha wenyewe unakaa, au ni kama simu ambayo betri imechoka, ukiichomoa tu kwenye chaji inazima, ukianguka umezimika ukiungama umewaka. Na chini ya hapo kuna swali lingine ambalo hukuliandika lakini linasomeka: hivi aliyeshika hii kamba ni mimi au ni yeye?

Jibu langu ni hili. Wokovu wako haujasimama juu ya ubora wa toba yako wala juu ya rekodi yako ya utii, umesimama juu ya Kristo na alichofanya. Na mtu aliye ndani ya Kristo anaendelea kutubu na anaendelea kujifunza kutii mpaka siku anaingia kaburini. Watu wengi wanaona hayo mawili yanagongana, wanashika moja wanatupa lingine, na hao wahubiri wako wawili kila mmoja kashika lake kaliacha la mwenzake.

Neno linalotuchanganya hapa ni hilo "kutegemea". Mtoto akizaliwa watu wote chumbani wanasubiri alie. Asipolia wanashtuka, na wana haki ya kushtuka, wanamgeuza wanamsugua mgongo, kwa sababu kimya kile si dalili nzuri. Lakini hakuna mama aliyewahi kusema mwanangu alizaliwa kwa sababu alilia. Toba na utii viko hivyo kwenye wokovu. Visipokuwepo kabisa tuna haki ya kushtuka. Vikiwepo, hatusemi ndivyo vilivyomzaa mtu.

Paulo anaweka hili kwenye mistari mitatu ya Waefeso 2 na watu wengi wanaishia wa pili. Mstari wa 8 na 9 mmeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, wala si kwa matendo mtu asije akajisifu. Halafu wa 10, tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Angalia mpangilio, matendo yapo, hayajafutwa, ila yamekaa baada ya wokovu, hayajakaa mlangoni yakikata tiketi.

Halafu tuna bahati moja sisi tunaoongea Kiswahili, lugha yetu ina "me". Ukisema nimekaa hapa, maana yake nilikaa na mpaka sasa unavyoniona nimekaa. Waefeso 2:8 kwa Kigiriki iko hivyo hivyo, jambo limekwisha tendeka na hali yake ipo mpaka leo, na Biblia yetu imetafsiri vizuri kabisa, "mmeokolewa". Ila Paulo huyo huyo kwenye 1 Wakorintho 1:18 anasema sisi "tunaookolewa", na kwenye Warumi 5:9 anasema "tutaokolewa". Me, na, ta, zote tatu. Ukishika ile "me" peke yake unakuwa kama yule mhubiri wa hata ufanye nini, ukishika "ta" peke yake unaishi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani maisha yake yote. Aliyeanza kazi ndiye anayeiendeleza na ndiye atakayeimaliza, Wafilipi 1:6, na kwenye mstari huo anayefanya kazi ni mmoja tu, sio wewe.

Sasa hizo sala kumi na moja. Yohana 13, Yesu anawaosha wanafunzi miguu, Petro kama kawaida yake anaanza kwa kukataa halafu akiambiwa bila hivyo huna shirika nami anarukia upande wa pili, basi Bwana niogeshe na mikono na kichwa. Yesu anamjibu aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu. Hapo ndipo ulipo mpendwa. Umetembea, miguu imeshika vumbi, lakini kila ukiona vumbi unavua nguo zote unarudi kuoga upya kana kwamba hujawahi kuoga. Kuoga ni mara moja, kutawadha ni kila siku. Ukikataa kutawadha kwa sababu "mimi nilishaoga" umekosea, na ukioga upya kila unapochafuka kidole umekosea vilevile. Kwa hiyo kule mbele sikulaumu kwenda, ila ile sala ya kumpokea Yesu kwa mara ya kwanza uliishamaliza miaka sita iliyopita. Unachohitaji ukianguka ni 1 Yohana 1:9, tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee. Na barua hiyo iliandikiwa waumini, watu ambao Yohana anawaita watoto wangu. Tena ona neno "wa haki". Mtu angetegemea isemwe mwenye huruma, ila Yohana anasema wa haki, manake deni limeshalipwa na Mungu hadai mara mbili.

Na toba yenyewe hebu tuiweke sawa, maana naona watu wengi wanabeba toba ambayo Biblia haikuwapa. Toba si machozi, kuna watu hawalii kwa maumbile yao na wametubu kweli, na kuna wanaolia kila Jumapili hawajageuka hata nyuzi tano. Toba si kujiapiza kwamba sitarudia tena, Petro alishaahidi kwamba hatamkana Bwana kamwe na unajua kilichotokea kabla jogoo hajawika. Na toba si kujiadhibu, siku tatu huombi huimbi kwa sababu unajiona mchafu mpaka muda upite ndipo ujione unastahili kurudi. Neno la Kigiriki ni kugeuza nia, la Kiebrania ni kurudi, na hata hili letu "toba" lililotoka Kiarabu asili yake ni kurudi. Umeelekea kule, umegeuka, unarudi nyumbani, basi. Mwana mpotevu alikuwa na hotuba nzima ameitunga njiani na baba yake hakumwacha hata aimalize.

Linganisha Petro na Yuda, usiku ule ule mmoja. Wote walimwangusha Bwana, na ukitaka kuangalia nani alionyesha majuto zaidi kwa macho, Yuda anashinda. Aliungama kwa mdomo nimekosa nikiisaliti damu isiyo na hatia, na akarudisha hela yote, vipande thelathini. Petro hakurudisha chochote, alitoka nje akalia. Mathayo 27:3 inasema Yuda "alijuta", na Kigiriki hapo kimetumia neno jingine, sio lile la kawaida la toba. Majuto yake aliyapeleka kwa makuhani, wakamwambia yatupasaje sisi, halafu akayabeba mwenyewe mpaka yakamuua. Petro siku chache baadaye anamwona Bwana ufukweni anajitupa majini kumfuata. Hiyo ndiyo tofauti, mmoja alikimbia kutoka kwake na mwingine alimkimbilia.

Na kuna kitu kabla ya hapo ambacho mimi nikikisoma nanyamaza. Luka 22:32, Petro hajaanguka bado, hajatubu bado, Yesu anamwambia nimekuombea wewe ili imani yako isitindike. Kutindika ni kukatika, kwisha kabisa. Hakumwombea asianguke, alimwombea anapoanguka imani isikatike. Kamba ile unayoniuliza nani kaishika, jibu liko hapo.

Turudi kwenye daftari. Mpendwa, hutaimaliza hiyo orodha. Sikutishi, ni hesabu tu. Daudi mwenyewe kwenye Zaburi 19:12 anauliza ni nani awezaye kuyatambua makosa yake, na anachoomba ni kutakaswa na yale ya siri, yaani hata yale asiyoyajua. Kama msamaha unategemea wewe kukumbuka kila kitu basi wenye kumbukumbu nzuri ndio watakaookoka, na mzee aliyepoteza kumbukumbu amekwisha, na aliyepata ajali akazimia hapo hapo amekwisha. Hakuna mtume aliyefundisha hivyo.

Hofu hii ni ya zamani mno. Karne za mwanzo watu waliogopa dhambi za baada ya ubatizo kiasi kwamba wengine walikuwa wanaahirisha ubatizo wenyewe mpaka wakaribie kufa, waoge safari moja waondoke wasafi. Mfalme Constantine alibatizwa mwaka 337 akiwa mgonjwa karibu na kufa. Yaani watu wanaishi nje ya mlango ili wasichafue sebule. Na mwaka 251 kule Roma, baada ya mateso ya Kaisari Decius, padri mmoja aitwaye Novatian na wenzake walikataa kabisa kuwarudisha waumini walioikana imani kwa kuogopa kuuawa hata kama wametubu, na kanisa kwa ujumla likawakatalia hao wakali, likasema mlango wa kurudi upo. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, naye mwaka 1522 kule Hispania aliungama dhambi zake zote, kisha akiwa Manresa akaanza kuona labda ile hakuieleza vizuri, akaungama tena, na tena, mpaka wazo la kujiua likamjia. Kilichomtoa hapo ni kuamua kwamba zile za zamani hataziungama tena. Alifanikiwa kwa kuacha orodha, sio kwa kuikamilisha.

Ukinielewa hadi hapa huenda kichwani unasema sawa lakini Waebrania je. Haya. "Kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Watu wanaisoma "kusudi" wanafikiri ni dhambi yoyote uliyoijua ni dhambi ukaifanya, na kwa maana hiyo hakuna aliyebaki duniani, kuanzia Daudi na Bathsheba. Soma barua kuanzia juu. Walioandikiwa ni waumini wa Kiyahudi waliochoka na mateso, wanafikiria kumwacha Kristo warudi kwenye dhabihu za zamani, mstari wa 25 hapo juu tu unasema wengine wameshaanza kuacha kukusanyika. Mwandishi anawaambia ukimwacha huyu hakuna dhabihu nyingine inayokusubiri kule, zile zilikuwa kivuli. Kitenzi cha Kigiriki pale ni cha kuendelea, ni mtu aliyeufanya kuwa mwenendo. Halafu mstari wa 29 unamchora mtu mwenyewe: amemkanyaga Mwana wa Mungu, ameihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo, amemfanyia jeuri Roho wa neema. Sasa niambie, mtu anayekesha na daftari akiogopa kumkosea Mungu, ndiye huyo? Anayemkanyaga Kristo halali vibaya hata kidogo, analala fofofo.

Ila sitapunguza makali ya andiko ili ujisikie vizuri. Onyo ni la kweli na liliandikwa kwa watu wa kanisani. Kuna kukengeuka, kuna mtu anaanza kwa kuzoea, anaacha kuungama, anaacha kusumbuka, anajenga hoja ya kutetea, mwisho hamtaki Kristo mwenyewe. Kwa hiyo yule mhubiri wako wa pili, wa hata ufanye nini, simuungi mkono. Warumi 6 Paulo anaulizwa tudumu katika dhambi ili neema izidi, anajibu hasha. Na Mathayo 7:21 si kila aniambiaye Bwana, Bwana. Ila pale pia tazama vizuri, wale waliokataliwa walikuja na orodha ya kazi zao, tumetoa unabii tumetoa pepo, na jibu walilopewa ni "sikuwajua ninyi kamwe". Kamwe. Hakusema nilikuwa nawajua nikawasahau Jumanne mlipokosea.

Hapa lazima niwe mkweli kwako, Wakristo hawakubaliani wote kama mtu aliyeokoka kweli anaweza kupotea kabisa. Wakatoliki wanafundisha kwamba dhambi ya mauti inampotezea mtu neema na njia ya kurudi ni sakramenti ya kitubio, ila hata wao wanasema mwenye majuto kamili yanayotokana na kumpenda Mungu, akiwa na nia ya kuungama mapema anavyoweza, anasamehewa hata kabla hajamfikia padri. Walutheri wanasema imani inaweza kupotea na inaweza kurudi. Wa mkondo wa Calvin walikaa kikao kule Dort, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619 wakasema wateule wanaweza kuanguka vibaya sana lakini Mungu hawaachi waanguke jumla, atawarudisha. John Wesley na Wamethodisti, na Wapentekoste wengi baada yao, wanasema mtu anaweza kuiacha neema. Mimi naegemea kwa wale wa Dort, sababu ya Yohana 10:28, hakuna atakayewapokonya katika mkono wangu, na maonyo nayasoma kama njia ambayo Mungu anaitumia kutushika, kama mzazi anayempigia mtoto kelele asivuke barabara. Lakini siwezi kumwambia anayesoma tofauti kwamba hajasoma Biblia. Kitu cha kukupumzisha ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayefundisha wokovu unaozima na kuwaka kwa kila kosa lililosahaulika, na hakuna anayefundisha uishi upendavyo. Wahubiri wako wote wawili wako nje ya hiyo mistari.

Utii sitakaa nao sana kwa sababu sioni kama wewe ni mtu anayetafuta mwanya. Watu wanapenda kumgonganisha Paulo na Yakobo, ila wote wanamtumia Ibrahimu na ukiangalia sura utaelewa. Paulo anakaa Mwanzo 15, Ibrahimu anaamini na kuhesabiwa haki hajafanya kitu bado. Yakobo anaenda Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Isaka ameshakuwa kijana, imani ile ile sasa inaonekana kwa macho. Ni mtu mmoja, na kati ya sura hizo mbili alishadanganya tena kuhusu mke wake. Utii wake ulikua polepole, na ulikuwa na mashimo.

Sasa utafanya nini ukianguka tena, maana inawezekana ukaanguka tena. Itaje kwa Mungu kwa jina lake, mara moja, bila kuipamba na bila kuirudiarudia mpaka "usikie amani". Kama kuna mtu umemuumiza nenda karekebishe, Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Halafu siku hiyo hiyo endelea kuomba, usijiwekee kifungo. Lile daftari liache, na najua usiku wa kwanza utatetemeka, ila liache. Na hiyo dhambi inayorudi kila miezi miwili mitatu, sala peke yako chumbani huenda isitoshe. Yakobo 5:16 inasema ungamaneni, mmoja kwa mwingine. Tafuta mtu mmoja aliyekomaa, mwenye kifua, wa jinsia yako, umwambie kila kitu ikiwemo saa na mazingira inapotokea, maana dhambi ya kujirudia mara nyingi ina ratiba, na anayeijua ratiba anaweza kukupigia simu kabla.

Kama ni kilevi, kamari au kitu kingine kilichoshika mwili, ongeza mtu wa afya, toba haikatazi dawa. Kama ndani yake kuna mtu anayeumizwa, hasa mtoto, hiyo sio ya kuungama na kunyamaza, inafikishwa kwenye vyombo vinavyohusika na aliyeumizwa analindwa kwanza. Kama hiyo hofu inakula masaa kila siku, unarudia sala ileile mpaka itoke "sawasawa", hulali, basi muone daktari au mshauri wa afya ya akili pamoja na mchungaji wako. Kuna ugonjwa wa wasiwasi unaojishika kwenye mambo ya dini, unatibika, na kuwa nao hakumaanishi imani yako ni feki. Na kama wazo la kufa limeshapita kichwani, usisubiri ibada ya Jumapili, mwambie mtu leo na ufike hospitali. Ukikutana na yeyote anayekuambia wokovu wako utakaa ukitoa sadaka fulani ya kukufungua, ondoka.

Kuhusu kubatizwa tena, hapana. Ulibatizwa ukiwa unaamini, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na kuanguka kwako hakukuyafuta yale maji. Petro alimkana Bwana mara tatu na pale ufukweni hakurudishwa majini. Alikaribishwa kula, halafu akaulizwa kama anampenda.